Kengele Iliyokubali Sumaku

Inspekta alikibandua kile kioo kwenye kengele, akakipuliza vumbi, akakirudisha. Ta! Kikaganda kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

"Tena," akasema.

Konstebo akakibandua, akakirudisha. Ta!

"Afande, tukiendelea hivi kitaota mizizi."

Inspekta alikiinamia kioo. Alikuwa amekunja uso, na uso ule ndio uliompa jina. Kituo kizima kilimwita Ndimu, maana akianza kufikiri alikunja sura hadi wewe unayemtazama meno yakaingia ganzi. Konstebo, ambaye alikuwa mdogo wa mume wa Inspekta, alimwita afande kazini na shemeji mezani, na siku za njaa alichanganya.

Kengele ilining'inia kwenye mhimili wa mbao katikati ya uwanja wa bustani ya mji, chini ya saa kubwa ya ofisi. Haikuwa kubwa, ukubwa wa ndoo ndogo tu, lakini kila jioni ilipolia bustani ifungwe, mji mzima ulifunga nayo. Maduka yalifunga, vibarua waliweka majembe chini, hata mume na mke waliokuwa wakigombana waliahirisha hadi kesho. Kuna waliosema sauti yake iliwahi kumwamsha kiziwi wa ng'ambo ya mto, akaja ofisini kulalamika. Kengele hiyo ilikuwa ya shaba tupu. Na shaba na sumaku hazijawahi kusalimiana tangu dunia iumbwe.

"Haya, dada," Inspekta alimgeukia mwenye kioo. "Eleza kama vile mimi sijui kitu."

Mwenye kioo alikuwa mpiga picha, mwanamke mnene mwenye kizibao cha mifuko mingi, kila mfuko umevimba. Walimwita Tabasamu, kwa kejeli, kwa sababu katika maisha yake yote hakuwahi kumwambia mtu atabasamu. Hakupiga watu. Alipiga miti, maji, mawingu na mawe, akidai kwamba jiwe halijawahi kumwuliza kama limetoka jeusi.

"Hiki ni kichujio," alisema. "Kinakaa mbele ya lenzi. Jana nilikuja kupiga kidimbwi, na jua lilikuwa linawaka juu ya maji kama bati jipya. Ukitazama huoni samaki, unaona mbingu tu. Sasa ukiweka hiki ukakizungusha taratibu, mng'ao unazimika, samaki wanajitokeza mmoja mmoja kama wanaitwa majina. Zamani vilikuwa vya kusokota. Uko juu ya jabali, upepo unakupiga, vidole vimekufa baridi, unasokota, kinapinda, mchanga umeingia kwenye nyuzi za kusokotea, na jua lenyewe limeshaondoka zake. Hivi vya sumaku, pete inakaa kwenye lenzi siku zote. Kioo unakisogeza tu. Ta! Umemaliza."

"Ubaya wake?"

"Mkono unazoea. Nikitaka kubadilisha, nakibandika kwenye chuma chochote kilicho karibu. Geti, bomba, mlango wa gari. Friji langu nyumbani nje lina vioo vingi kuliko chakula ndani. Basi jana nilikuwa naongea na dada yangu kwa simu, na dada yangu akiongea hapumui. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kengele. Niliporudi kukichukua, damu ikasimama. Mwaka juzi nilifanya kosa hilo hilo hapa hapa. Kiliteleza, kikavunjika pale kwenye vigae. Nikalia kama nimefiwa. Kengele hii ilikuwa haishiki sumaku, afande. Jana imeshika."

Inspekta alikunja kidole akaigonga kengele. Ikatoa sauti ya sufuria iliyopigwa mwiko.

"Tangu Alhamisi iliyopita watu wanasema ina mafua," Konstebo alisema. "Meneja alidai ni unyevu wa hewa."

"Unyevu!" Tabasamu aliguna. "Hii ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu."

Kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa limejulikana. Kengele ya shaba ilikuwa imeondolewa Alhamisi, na mahali pake ikaning'inizwa ya bandia. Asubuhi hiyo Inspekta na shemeji yake walikuwa wamezunguka kwa wanunuzi wote wa vyuma chakavu na hakuna aliyeletewa shaba. Jambo la pili ndilo lililokuwa linakuja sasa kwa miguu, likipiga kelele.

Meneja wa bustani alikuwa na sauti ya kufukuza kunguru wa wilaya tatu. Nyuma yake alitembea mlinzi wa geti, mwanamume mrefu, kofia mkononi, akiangalia vidole vya miguu yake. Huyo ndiye Baba Mapacha. Alikaa na mke wake na watoto wake pacha katika nyumba ndogo ya getini, na nyumba ile ilikuwa ya kazi: kazi ikiisha, unahama.

"Inspekta, usihangaike!" Meneja aliita akiwa bado mbali. "Mwizi nimekuletea. Jioni hii kengele ikilia ananikabidhi funguo za geti na za nyumba, halafu wewe mfanye utakavyo."

"Baba Mapacha," Inspekta alisema kwa utulivu, "Alhamisi iliyopita ulikuwa wapi?"

"Hapa, mama. Siku hiyo zilikuja shule, watoto wengi kama siafu. Nilikuwa nazunguka, toka kwenye majani, shuka kwenye ukuta, acha samaki. Saa nne hivi akaja fundi mmoja simjui, kavaa ovaroli, kabeba ngazi na gunia. Akasema katumwa kupaka kengele grisi. Nikamwambia haya, ila angalia watoto. Nikaendelea kuzunguka. Alipomaliza akaondoka."

"Hukumuuliza katumwa na nani?"

"Alikuwa na ngazi yetu, mama. Mtu mwenye ngazi yetu nimuulize nini?"

"Hadithi!" Meneja alinguruma. Akatoa kipeperushi cha rangi kutoka mfukoni, kile wanachopewa wageni, akakifungua kwa mbwembwe. "Picha hii kaipiga huyu bibi hapa, Alhamisi iyo hiyo, saa nne iyo hiyo. Saa ya ofisi inaonekana. Tazama! Watoto wako wapi? Fundi yuko wapi? Ngazi iko wapi? Na kiti cha mlinzi, kile pale kando ya geti, kina nani? Kitupu! Siku ile mimi nilikuwa mkutanoni, yeye akaona paka kaondoka. Kauza kengele, katunga fundi."

Baba Mapacha alikitazama kipeperushi kwa muda mrefu.

"Kweli sipo," alisema taratibu. "Lakini nilikuwepo. Mke wangu kaiona picha hii jana. Ameniuliza, sasa ulikuwa wapi, baba wee? Nilikuwepo, na sipo."

"Wafagiaji wanasema ni majini," Konstebo alinong'ona.

"Majini hayauzi shaba, shemeji."

"Afande," Konstebo alimkumbusha kwamba wako kazini.

"Afande ni mimi. Lete hicho kipeperushi."

Inspekta alikisogeza karibu na pua, akakunja uso. Picha ilikuwa ya kupendeza. Uwanja mtupu, majani ya kijani, mbingu ya buluu nzito. Chemchemi katikati ya kidimbwi haikuwa na matone. Ilionekana kama pamba iliyochambuliwa, laini, imelala hewani. Mawingu yalikuwa na mikia mirefu kana kwamba mtu kayafagia. Aliyatafakari mambo hayo kidogo, kisha akanyanyua macho kuitazama saa ya ofisi ukutani.

"Meneja, saa yenu ina mishale mingapi?"

"Miwili, kama saa ya mtu yeyote mwenye akili!"

"Hapa una mmoja. Mfupi unaonyesha saa nne, umesimama vizuri. Mrefu haupo."

Meneja alinyang'anya karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Uchapaji mbaya," alisema.

"Huenda. Na haya maua mekundu na buluu kando ya benchi, mmeyapanda lini?"

Wote wakageuka kulitazama benchi. Kando yake palikuwa na vigae vitupu.

"Hatujapanda kitu pale," Baba Mapacha alisema. Akainama juu ya karatasi, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ikapata nguvu. "Mama, hayo si maua. Hayo ni mabegi. Mabegi ya shule! Mwalimu wao aliwaambia wayaweke pale wote pamoja."

"Mabegi bila watoto," Inspekta alisema. Alikunja kipeperushi. "Dada, chumba chako cha kazi kiko mbali?"

"Nyuma ya duka la vitambaa. Mwendo wa kumaliza karanga."

"Twende. Meneja, funguo zisibadilishe mkono mpaka nirudi."

"Mpaka kengele ya jioni!"

"Kengele ipi?" Inspekta aliuliza.

*

Chumba cha Tabasamu kilikuwa na meza moja, kompyuta moja, kiti kimoja kizima, na dirisha lililotazama barabara yenye watu wengi. Kabati la chuma ukutani lilikuwa limebandikwa vioo vya duara kutoka juu hadi chini, vingine vyeupe, vingine vya moshi, viwili vyeusi kabisa kama masizi ya chungu. Konstebo alikigusa kimoja, kikasogea na kumbana kidole.

"Vinauma!"

"Vinajua mgeni," Tabasamu alisema.

"Siku ile ulitumia kipi?" Inspekta aliuliza.

Tabasamu alivibandua vile vyeusi viwili, akavikutanisha. Ta! Vikawa kitu kimoja, huwezi kujua wapi kimoja kinaishia.

"Hivi. Kioo cha giza juu ya kioo cha giza. Meneja aliniambia anataka bustani tupu, bila kichwa cha mtu, kwa ajili ya kipeperushi. Nikamwambia sawa, hilo niachie mimi na vioo vyangu. Hakuuliza zaidi, alikuwa anawahi mkutano. Nilisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu kule juu kwenye kilima cha mawaridi, nikaifungua, nikaenda kununua chai. Nilirudi kikombe kimekwisha, ndipo nikaifunga."

"Kwa hiyo hukutazama uwanjani."

"Nitazame nini? Kazi ilikuwa inafanywa na kamera. Nilikuwa natazama chai." Macho yake yakapanuka kidogo kidogo. "Ee Mungu wangu. Meneja alisema ana picha ya ushahidi. Sikujua ni *hii*. Hakunionyesha mpaka leo, na mimi nilikuwa nafikiria kioo changu tu."

"Shemeji," Inspekta alisema, "toka nje ukatembee barabarani, mbele ya dirisha. Nenda, rudi, nenda, rudi. Usisimame mpaka nikuite."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu mimi ni afande."

Tabasamu aliiweka kamera dirishani, akaibandika vioo. Konstebo akatoka akaanza kutembea barabarani, mikono nyuma, kwenda na kurudi, kama bwana harusi aliyecheleweshwa na wasindikizaji. Muuza magazeti alimwuliza kapoteza nini. Mama mmoja alimpa pole. Dakika zilipita, Tabasamu akafunga kamera, Inspekta akamwita.

"Sasa kaa kwenye kile kiti cha fundi viatu. Usitikisike."

"Afande, watu wananicheka."

"Wacheke. Usitikisike."

Alikaa. Inzi akatua kwenye pua yake. Hakutikisika, ingawa machozi yalimtoka. Baadaye waliweka picha mbili kwenye kompyuta, moja kando ya nyingine.

Katika ya kwanza barabara ilikuwa tupu kama alfajiri. Hakuna Konstebo, hakuna muuza magazeti akizunguka, hakuna mama mwenye huruma. Palionekana meza ya magazeti tu, ikiwa peke yake, na pikipiki zilizoegeshwa. Katika ya pili barabara ilikuwa tupu vile vile, ila juu ya kiti cha fundi viatu alikaa Konstebo, mzima mzima, vifungo vikihesabika, kakodoa macho.

"Nimetoka vibaya," alisema Konstebo.

"Umetoka," alisema Inspekta. "Hilo ndilo la maana. Ulipofanya kazi hukuonekana. Ulipokaa kitako ukaonekana. Dada, ni hivyo?"

"Ndivyo. Giza ni zito, kwa hiyo kamera inakunywa mwanga polepole. Kinachopita hakiachi kitu. Kinachotulia kinabaki. Na kinachotulia nusu, kinabaki nusu."

Uso wa Inspekta ulikunjwa hadi Tabasamu akameza mate.

"Nusu," alirudia. "Nifungulie ile ya Alhamisi. Si ya karatasi. Yenyewe. Kubwa."

Picha ilijaza skrini. Walianza na saa ya ofisi. Pale ambapo karatasi ilionyesha pengo, hapa palionekana kivuli chepesi, umbo la kipande cha chungwa. Mshale mrefu ulikuwa umetembea muda wote kamera ilipokuwa wazi. Kisha wakayasogelea mabegi, moja baada ya jingine, moja limechorwa twiga. Kisha kengele.

"Hebu ona," Konstebo alinong'ona, na safari hii hakutaja majini.

Kengele zilikuwa mbili. Moja ilikaa juu kidogo, nyingine ikashuka kama upana wa kidole, na kupitia zote mbili mbingu ilionekana kwa nyuma kama vile zimetengenezwa kwa maji ya sabuni. Moja iliondoka picha ikiwa bado inapigwa, na nyingine ikafika. Na chini yake, nyepesi kama harufu, palisimama ngazi. Mtu hakuwepo juu yake, palikuwa na ukungu wa buluu tu, rangi ya ovaroli. Lakini ngazi ilitulia muda wa kutosha. Miguu yake ilionekana: mmoja mwembamba, mwingine mnene, umefungwa gongo kwa waya.

"'Alikuwa na ngazi yetu,'" Inspekta alisema, akirudia maneno ya mlinzi. "Ngazi za bustani zinakaa kwa nani?"

"Kwa mtunza stoo," alijibu Tabasamu. "Bwana Kufuli."

"Chukua kichujio kimoja, dada. Kile cha kuondoa mng'ao. Nadhani kuna samaki."

*

Mtunza stoo aliitwa Kufuli kwa sababu ya funguo alizoning'iniza kiunoni. Alikuwa nazo nyingi hata akitembea ungedhani gari la farasi linakuja, na inasemekana siku moja aliingia kuoga kidimbwini na zile funguo zikamvuta hadi chini, akatembea juu ya matope mpaka ng'ambo. Walimkuta nje ya stoo akimwagilia maua. Kando ya ukuta palikuwa na safu ya makopo ya chuma yaliyopakwa kijani, yamezikwa nusu ardhini, kila moja lina ua jekundu limesimama wima. Moja tu, karibu na mlango, lilikuwa na ua la njano lililoinamisha kichwa.

Meneja na Baba Mapacha walikuwa wamewafuata. Jua lilikuwa limeanza kulegea.

"Shikamoo, mzee," Inspekta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni stoo."

"Tunataka kuona ngazi."

"Ngazi ipo ndani. Haijatoka mwezi huu wote. Nani apande wapi? Funguo ninazo mimi peke yangu." Akazitikisa ili asiwepo wa kubisha.

Aliifungua stoo. Ndani palikuwa na majembe, mipira ya maji, mikokoteni, na ngazi imeegemezwa ukutani. Mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa gongo kwa waya. Konstebo aliutazama, akamtazama Inspekta, akajifanya anakohoa.

"Mwezi wote?" Inspekta aliuliza tena, bila haraka.

"Mwezi wote."

"Alhamisi iliyopita je?"

"Alhamisi imo ndani ya mwezi, mwanangu."

Inspekta alimwonyesha picha ambayo Tabasamu aliichapa kwenye karatasi kubwa. Akaweka kidole juu ya mguu wa ngazi. Bwana Kufuli aliinama, akasogeza karatasi mbali, akaisogeza karibu.

"Hicho ni kivuli."

"Kivuli kilichofungwa waya?"

"Ngazi za dunia ni nyingi."

"Lakini gongo hili ulilifunga wewe," alisema Baba Mapacha, si kwa hasira, bali kwa mshangao wa mtu aliyeona shati lake limevaliwa na jirani. "Nilikushikia waya mimi mwenyewe, Bwana Kufuli. Ulinichoma kidole."

Bwana Kufuli alichukua ndoo yake ya kumwagilia na kurudi nje kwa maua. Alilimwagilia lile la njano, akamwaga mengi, maji yakajaa hadi ukingoni na yakabaki pale pale, yakitikisika.

Inspekta alikuwa amesimama kando yake, akiyatazama.

"Dada, hebu nikopeshe kile kioo."

"Afande, taratibu, hicho ndicho kizuri kuliko vyote."

Inspekta alianza mwisho wa safu. Aliinama, akakigusisha kichujio kwenye kopo la kwanza. Ta! La pili. Ta! Alitembea hivyo akiinama na kuinuka, ta, ta, ta, kama mwalimu anayegawa daftari, na kila kopo lilikishika kioo likakataa kukiachia. Meneja alianza kusema kitu. Hakuna aliyemsikiliza. Inspekta alifika kwenye ua la njano, akakigusisha kioo kwenye kijani, akafungua vidole.

Kioo kikateleza.

"Kioo changu!" Tabasamu alipiga yowe la kufunga mtaa.

Konstebo aliruka. Watu waliokuwepo walihadithia baadaye kwamba aliruka kutoka mlangoni mpaka ukutani bila kugusa chini, na mimi sioni sababu ya kubisha. Alikidaka kichujio kwa tumbo, akakibana, akalala nacho juu ya nyasi.

"Kizima!" alisema kutoka chini.

"Makopo mengine yametobolewa matako," Inspekta alisema, akijipangusa mikono. "Maji yanapita. Hili halina tundu, ndiyo maana ua linazama. Lina rangi mbichi kuliko wenzake. Na halitaki sumaku. Bwana Kufuli, chimbua."

Bwana Kufuli aliweka ndoo chini. Alikaa juu ya kopo la jirani, na funguo zake zote zikalia kwa pamoja.

"Ni shemeji yangu," alisema. "Anachomelea vyuma. Alisema atatengeneza nyingine iliyofanana, hakuna atakayejua, na hii tutauza. Nikampa ngazi. Akaning'iniza, akaniachia shaba niifiche. Kisha wanunuzi wakaogopa kuigusa, maana mji mzima unaijua. Nikaona niigeuze juu chini, niipandie ua, mpaka mambo yapoe."

"Mashemeji wengine hasara," Konstebo alisema akiwa bado amelala.

"Inuka, shemeji," alisema Inspekta.

Waliichimbua. Baba Mapacha ndiye aliyemwaga udongo, akaisuuza kwa ile ile ndoo ya kumwagilia, akaikwangua rangi kwa ukucha mpaka shaba ikachungulia. Akaishika kwa kishikio chake cha juu, akainyanyua, akaigonga kwa kifundo cha kidole mara moja tu. Sauti ilitoka pale ikapita ukuta, ikapita geti, ikaenda zake. Mtaani maduka mawili yalianza kufunga kabla ya wakati.

Meneja alisikiliza mpaka sauti ikaisha. Aliangalia ile picha kubwa mkononi mwa Konstebo, kile kiti kitupu kando ya geti. Kwa mara ya kwanza alizungumza kama watu wengine.

"Kwa hiyo asingeonekana hata kidogo."

"Angelala kwenye kiti saa ile," Inspekta alisema, "angetoka mzima, mdomo wazi, na wewe ungemsifu kwa kuwepo kazini. Hakuonekana kwa sababu hakukaa."

Meneja alikohoa. Hatimaye alimkabidhi Baba Mapacha karatasi ya kipeperushi, akaichukua tena, akaichana vipande.

"Tutapiga nyingine," alisema. "Na safari hii mlinzi awemo. Mbele. Nalipia karatasi mimi. Dada, unaweza?"

"Mimi sipigi watu," Tabasamu alisema. Akamtazama Baba Mapacha, akaguna. "Haya. Huyu mmoja."

Kengele ya kweli ilisuguliwa rangi yote, ikarudishwa mahali pake, ya bandia ikapakiwa kwenye gari la polisi pamoja na Bwana Kufuli, ambaye alikuwa wa kwanza kuomba aondolewe funguo, zilimchoma kiuno. Tabasamu alisimamisha kamera kwenye kilima cha mawaridi. Jua lilikuwa bado juu ya maji, akabandika kile kioo kilichookolewa, kisha kile cha giza juu yake, ili maji ya chemchemi yatoke laini kama yale ya awali. Mke wa Baba Mapacha alitoka na mapacha, akamnyoosha kola, akampangusa udongo shavuni kwa kidole chenye mate.

"Kaa, baba wee," alimwambia. "Kaa tu. Usiende popote."

Akakaa kwenye kiti chake, kofia kichwani, mikono magotini. Tabasamu akafungua kamera.

Wakati huo huo bibi mmoja akaja getini na kapu zito. Baba Mapacha akainuka, akampokea kapu, akamfikisha kwenye benchi, akarudi kukaa. Mtoto akaanza kupanda ukuta. Akainuka. Mpira ukaingia kidimbwini. Akainuka, akavua kofia, akaiacha kitini, asirudi kukaa tena. Mke wake alishika kichwa, Meneja akafumba macho, na Konstebo akacheka mpaka akalazimika kuegemea gari, na Bwana Kufuli naye, ndani ya gari, akacheka kidogo.

Jioni ile kengele ililia na mji ukafunga. Inspekta alibaki mbele ya kompyuta ya Tabasamu, wakaiangalia picha pamoja. Bustani ilikuwa safi, maji laini, kengele moja tu, imara, ya njano. Kando ya geti kiti kilikuwa kitupu. Juu yake palikuwa na kofia.

"Nirudie?" Tabasamu aliuliza.

Uso wa Inspekta haukuwa na mkunjo hata mmoja.

"Hapana," alisema. "Ametoka vizuri."